Ufanisi wa Nishati na Suala la Joto katika Taa za Kukuzia Mimea: Uchunguzi wa Kihistoria, 1861–2020

Ikisiri

Makala hii inachunguza namna ufanisi wa nishati wa taa za kukuzia mimea ndani ya majengo ulivyopimwa na kulinganishwa tangu majaribio ya tao la umeme katika karne ya 19 hadi taa za diodi za karne ya 21. Masimulizi yaliyozoeleka huieleza historia hii kuwa ni safari iliyonyooka kutoka taa za moto kwenda taa za baridi. Makala inayapinga masimulizi hayo kwa hoja mbili. Kwanza, kila kipindi kilikuwa na kipimo chake cha ufanisi, na kipimo kilipobadilika taa iliyoonekana bora nayo ilibadilika. Pili, joto halikutoweka: lilipungua kwa kila kiasi cha nuru kilichopatikana, na likabadili njia ya kutokea. Makala inahitimisha kuwa ulinganishi wowote wa taa usiotaja kazi ya taa, kipimo kilichotumika na hali ya hewa ya mahali husika haujakamilika, na kwamba upungufu huo una gharama kwa maabara na mashamba ya Afrika Mashariki.

1.0 Utangulizi

Mnunuzi wa taa za kukuzia mimea hukutana na madai mawili yanayorudiwa mara nyingi. Dai la kwanza ni kwamba taa za diodi, ambazo sokoni hujulikana kama LED, hazitoi joto. Dai la pili ni kwamba taa fulani ya wati 100 ni sawa na taa nyingine ya wati 600. Madai haya yana chembe ya ukweli, lakini jinsi yalivyo hayapatani na kanuni ya uhifadhi wa nishati. Taa ya diodi inayotumia wati 100 katika chumba kilichofungwa huingiza wati 100 za nishati katika chumba hicho, kama ambavyo pasi au jiko la umeme la wati 100 lingefanya. Sehemu ndogo sana ya nishati hiyo huhifadhiwa katika sukari na nyuzi za mmea. Sehemu iliyobaki huishia kuwa joto, ama moja kwa moja kutoka katika taa, ama baada ya nuru kufyonzwa na majani, kuta na udongo.

Swali linaloongoza makala hii ni la kihistoria: ilikuwaje joto, ambalo waanzilishi wa fani hii walilihesabu kuwa sehemu ya manufaa ya taa, likaja kuhesabiwa kuwa hasara tupu, na hatimaye likadaiwa kuwa halipo? Makala inafuata aina kuu tano za taa kwa utaratibu wa wakati, yaani tao la umeme, balbu ya uzi, mrija wa florosenti, sodiamu ya kanieneo kubwa na diodi, kisha inazilinganisha kwa kipimo kimoja.

1.1 Ufafanuzi wa istilahi

Kiswahili kinatupatia maneno yanayosaidia kutenganisha dhana ambazo mjadala wa taa huzichanganya. Joto ni nishati inayohama kutoka kitu kimoja kwenda kingine; halijoto ni kiwango cha umoto wa kitu, kinachopimwa kwa nyuzi. Taa yenye halijoto ndogo inaweza kutoa joto jingi ikiwa uso wake ni mpana, na taa yenye halijoto kubwa inaweza kutoa joto kidogo ikiwa ni ndogo. Msemo kwamba taa ya diodi ni baridi unahusu halijoto ya uso unaoguswa. Hausemi lolote kuhusu jumla ya joto linaloingia chumbani.

Vivyo hivyo, makala hii inatumia neno mwanga kwa kile kinachoonwa na jicho la binadamu, na nuru kwa kile kinachotumiwa na mmea katika usanisinuru. Tofauti hiyo inaweza kuonekana ya kimsamiati tu, lakini kama itakavyodhihirika katika sehemu ya 4.0, historia ya ulinganishi wa taa iliyumba kwa miongo mingi kwa sababu watu walipima mwanga wakidhani wanapima nuru.

2.0 Tao la umeme: joto kama sehemu ya faida

Mwaka 1861 mwanasayansi Mfaransa Hervé Mangon alionyesha kwamba mwanga wa tao la umeme unaweza kuifanya mimea iliyochipua gizani itengeneze klorofili na kugeuka kijani. Tao la umeme lilipatikana kwa kupitisha mkondo kati ya ncha mbili za kaboni, na mwanga wake ulikuwa mkali kupita taa yoyote iliyojulikana wakati huo. Hata hivyo, lilibaki kuwa suala la maabara hadi mitambo ya kuzalisha umeme ilipokuwa imara zaidi.

Hatua iliyofuata ilichukuliwa na Carl Wilhelm Siemens, mhandisi mzaliwa wa Ujerumani aliyefanya kazi Uingereza. Mwaka 1880 aliwasilisha mbele ya Royal Society ya London matokeo ya majaribio aliyoyafanya nyumbani kwake karibu na Tunbridge Wells, akitumia tao lenye nguvu ya mishumaa 1,400. Aliigawa mimea yake, ikiwa pamoja na haradali, karoti, maharage, matango na matikiti, katika makundi manne: iliyowekwa gizani, iliyopata mwanga wa umeme peke yake, iliyopata mwanga wa mchana peke yake, na iliyopata yote mawili. Kundi la mwisho ndilo lililostawi kuliko mengine. Siemens alihitimisha kwamba mimea aliyoichunguza haikuhitaji lazima pumziko la usiku.

Kwa hoja ya makala hii, jambo muhimu zaidi ni namna Siemens alivyolitazama joto. Alieleza kwamba mimea iliyopata mwanga wa umeme iliweza kustahimili joto kubwa zaidi la kitalu bila kunyauka, na akapendekeza kwamba mnururisho wa joto kutoka katika tao ungeweza kutumika kukinga mimea dhidi ya baridi kali ya usiku. Zaidi ya hayo, katika mfumo aliouendeleza, mvuke uliotoka katika injini ya kuzalishia umeme uligandamizwa katika chombo kilichopasha maji yaliyozungushwa ndani ya vitalu nyumba, hivyo akaokoa makaa ambayo yangechomwa kwa ajili hiyo. Kwa maneno mengine, Siemens hakulinganisha taa na taa. Alilinganisha mfumo mzima na mfumo mzima. Hesabu yake ilijumuisha injini, mvuke, maji ya moto, taa na mmea.

Katika Chuo Kikuu cha Cornell, jimboni New York, Liberty Hyde Bailey alirudia majaribio ya aina hiyo, na mwaka 1891 akachapisha taarifa ya awali kuhusu athari za tao la umeme kwa mimea ya kitalu nyumba. Matokeo yake yalikuwa na tahadhari zaidi. Letusi ilifaidika na kukomaa mapema, ilhali spinachi iliharakisha kutoa maua na mbegu kabla ya kufanya majani ya kuuzwa. Mimea iliyokuwa karibu na tao lisilofunikwa iliungua na kudumaa.

Kuungua huko kunastahili kuangaliwa kwa makini. Fikra ya kwanza ni kulaumu joto. Lakini Siemens na Bailey wote waliona kwamba kioo kikiwekwa kati ya tao na mimea, madhara hupungua sana ingawa mwanga unaoonekana unaendelea kupita. Siemens alielekeza lawama kwenye miale isiyoonekana iliyo ng'ambo ya urujuani, ambayo kioo huizuia. Hivyo, mapema kabisa, fani hii ilipata funzo ambalo limesahauliwa mara kadhaa: si kila jani linaloungua chini ya taa limeunguzwa na joto.

3.0 Balbu ya uzi: taa kama chakula na taa kama ishara

Balbu ya uzi ilikuwa rahisi kutumia kuliko tao. Haikuhitaji kubadilishwa ncha za kaboni, haikutoa moshi, na mwanga wake ulikuwa mtulivu. Lakini kwa upande wa nishati ilikuwa na kasoro ya kimaumbile. Uzi wa tungsteni hutoa mwanga kwa sababu umepashwa moto, na katika halijoto ambayo uzi unaweza kuistahimili, sehemu kubwa ya mnururisho wake iko katika eneo la infraredi. Chini ya asilimia 10 ya umeme hugeuka kuwa mwanga unaoonekana. Mkulima aliyetaka kuongeza usanisinuru kwa balbu hizi alilipia zaidi joto kuliko nuru, na shina za mimea yake zilirefuka na kulegea kwa sababu balbu ya uzi hutoa kwa wingi miale iliyo pembezoni mwa nyekundu.

Kama historia ingeishia hapo, balbu ya uzi ingeandikwa kuwa kosa. Lakini mwaka 1920 Wightman Garner na Harry Allard, watafiti wa Idara ya Kilimo ya Marekani, walichapisha ugunduzi uliobadilisha maana ya taa kwa mmea. Walipokuwa wakichunguza aina ya tumbaku iliyokataa kutoa maua wakati wa kiangazi, walibaini kwamba urefu wa siku ndio ulioamua wakati wa kuchanua. Kwa kurefusha siku kwa mwanga hafifu wa umeme, waliweza kuzuia au kuharakisha maua. Mwanga huo ulikuwa mdogo mno kuongeza sukari ya mmea kwa kiasi chochote cha maana; ulifanya kazi ya ishara.

Utafiti uliofuata katika kituo cha Beltsville, Maryland, ulieleza utaratibu wake. Mwaka 1952 Harry Borthwick, Sterling Hendricks na wenzao walionyesha kwamba mbegu za letusi huchochewa kuota na miale myekundu na kuzuiwa na miale iliyo pembezoni mwa nyekundu, na kwamba mmea hufuata amri ya mwisho iliyotolewa. Rangi inayopokea amri hizo ilikuja kuitwa fitokromu.

Kuanzia hapo swali la ufanisi liligawanyika sehemu mbili. Taa inayolisha mmea hupimwa kwa wingi wa nuru inayotoa kwa kila kiasi cha umeme. Taa inayotoa ishara hupimwa kwa uwezo wa kubadilisha hali ya fitokromu kwa gharama ndogo ya kununua na kufunga. Kwa kazi hii ya pili, balbu ya uzi iliendelea kutumika katika mashamba ya krisanthemamu kwa miongo mingi, na matumizi hayo hayakuwa ya kijinga. Balbu ilikuwa rahisi, iliwaka saa chache usiku, na wigo wake wa miale ulifaa. Ulinganishi unaoichukua balbu ya uzi kama taa ya kulisha na kuishinda kwa asilimia unakuwa umeshinda shindano ambalo balbu hiyo haikushiriki.

4.0 Mrija wa florosenti na udanganyifu wa lumeni

Taa za florosenti ziliingia sokoni Marekani mwaka 1938. Badala ya kupasha uzi, mrija huu husisimua mvuke wa zebaki, na unga wa fosfa uliopakwa ndani ya kioo hugeuza miale ya urujuanimno kuwa mwanga unaoonekana. Faida yake ilikuwa ya aina mbili. Kwanza, kwa umeme uleule ilitoa mwanga maradufu kadhaa ya balbu ya uzi. Pili, kwa kuwa joto lake lilisambaa katika uso mrefu, halijoto ya uso huo ilibaki ndogo kiasi kwamba mrija ungeweza kuning'inizwa sentimita chache juu ya mimea. Ukuzaji wa mimea katika rafu zilizopangwa kwa ghorofa uliwezekana kwa sababu hiyo.

Maabara kubwa za mazingira yaliyodhibitiwa, kama ile iliyofunguliwa na Frits Went huko Pasadena, California, mwaka 1949, zilijengwa katika kipindi hiki. Zilionyesha kwa uwazi jambo ambalo katika kitalu nyumba lilijificha: katika chumba kisicho na madirisha, kila wati inayoingia lazima itolewe. Gharama ya taa ilikuja pamoja na gharama ya kupoza.

Katika kipindi hiki pia ndipo kasoro ya kipimo ilipojitokeza. Viwanda vya taa vilipima bidhaa zao kwa lumeni. Lumeni ni kipimo kilichotengenezwa kwa jicho la binadamu, ambalo huona vyema zaidi miale ya kijani-manjano karibu na nanomita 555 na huona kwa shida miale myekundu na ya buluu iliyokolea. Miale ya nanomita 660, ambayo klorofili huifyonza vizuri sana, huhesabiwa katika lumeni kwa takriban asilimia 6 tu ya uzito wa miale ya nanomita 555. Mirija maalumu ya mimea iliyotengenezwa katika miaka ya 1960, yenye rangi ya zambarau-waridi, ilionekana hafifu kwa macho na katika vipimo vya lumeni, ingawa lengo lake lilikuwa ni kutoa miale inayofyonzwa na mmea. Aliyelinganisha kwa lumeni aliipendelea taa iliyompendeza yeye mwenyewe, si taa iliyoufaa mmea.

Marekebisho yalipata msingi imara mwaka 1972, Keith McCree alipochapisha vipimo vya mwitikio wa usanisinuru katika aina 22 za mimea ya mazao. Aligundua kwamba mimea hutumia miale yote kati ya nanomita 400 na 700, ikiwamo ya kijani, kwa ufanisi usiotofautiana sana kama ilivyodhaniwa. Kutokana na kazi hiyo iliwezekana kutetea kipimo rahisi: kuhesabu fotoni zote zilizo kati ya mipaka hiyo. Ufanisi wa taa ukawa ni idadi ya maikromoli za fotoni zinazotolewa kwa kila jouli ya umeme. Kipimo hiki ndicho kinachotumika katika sehemu ya 7.0.

5.0 Sodiamu ya kanieneo kubwa: joto linalolipa sehemu ya deni lake

Taa za sodiamu za kanieneo kubwa zilifika sokoni katika miaka ya 1960, baada ya kupatikana kwa mrija wa kauri ya alumina uliostahimili mvuke wa sodiamu wa moto. Zilitengenezwa kwa ajili ya barabara, na mwanga wake wa manjano ulioko karibu na kilele cha uoni wa binadamu ulizipa alama kubwa za lumeni, zaidi ya 100 kwa kila wati. Wakulima wa vitalu nyumba wa kaskazini mwa Ulaya, hasa Uholanzi, walizichukua na kuzifanya taa kuu za waridi, nyanya na mboga za majira ya baridi.

Tofauti na mrija wa florosenti, taa hii ina kiini kidogo chenye halijoto kubwa mno, na hutupa sehemu kubwa ya nishati yake chini kuelekea mimea ikiwa mnururisho wa infraredi. Kwa hiyo huning'inizwa juu, mbali na majani. Lakini Uholanzi iko karibu na latitudo ya nyuzi 52 kaskazini, ambako siku ya katikati ya Desemba ina urefu wa chini ya saa 8 na kitalu nyumba lazima kipashwe moto kwa gesi. Katika hali hiyo, joto la taa lilipunguza kazi ya tanuri. Mkulima aliyebadilisha taa za sodiamu kwa taa zenye joto dogo aligundua kwamba hewa na majani yake vimepoa, na kwamba sehemu ya umeme alioukomboa lazima airudishe kwa njia ya gesi. Ndiyo maana baadhi ya wakulima walichagua mifumo mseto yenye taa za aina zote mbili.

Hapa mantiki ya Siemens inarejea. Joto la taa katika jengo linalohitaji kupashwa moto ni bidhaa ya pili, yenye thamani inayolingana na bei ya nishati ambayo lingeichukulia nafasi. Kwa kawaida thamani hiyo ni ndogo kuliko bei ya umeme uliolizalisha, kwa kuwa umeme ni ghali kuliko gesi katika nyakati nyingi. Bei ya gesi ilipopanda ghafla Ulaya mwaka 2021 na 2022, wakulima wengi wa Uholanzi walizima taa au kupunguza saa za kuwasha. Ulinganishi uliofanywa kwa bei za miaka iliyotangulia ulihitaji kufanywa upya.

6.0 Diodi: kutoka chombo cha angani hadi kitalu

Diodi ya kwanza ya kutoa mwanga mwekundu unaoonekana ilitengenezwa na Nick Holonyak mwaka 1962, lakini kwa miaka mingi mwanga wake ulitosha tu kuonyesha kama kifaa kimewashwa. Mwaka 1991 R. J. Bula na wenzake wa Chuo Kikuu cha Wisconsin walichapisha taarifa ya kukuza letusi chini ya diodi nyekundu zilizosaidiwa na mirija ya florosenti ya buluu. Florosenti ilihitajika kwa sababu diodi ya buluu yenye nguvu haikuwapo. Ilifikiwa na Shuji Nakamura nchini Japani mwaka 1993. Nakamura, Isamu Akasaki na Hiroshi Amano walitunukiwa Tuzo ya Nobeli ya Fizikia mwaka 2014 kwa kazi hiyo.

Msukumo wa kwanza wa diodi haukuwa bili ya umeme ya mkulima bali safari za anga. Katika chombo cha angani, uzito, ukubwa, usalama wa kioo na uondoaji wa joto ni masuala makuu. Hewa ya moto haipandi juu pasipo uzito, hivyo taa yenye uso wa moto ni tatizo kubwa kuliko duniani. Viazi vilikuzwa chini ya diodi katika safari ya chombo cha Columbia mwaka 1995, na mwezi Agosti 2015 wanaanga wa Kituo cha Anga cha Kimataifa walikula hadharani letusi nyekundu iliyokuzwa humo. Katika mazingira hayo sifa ya taa baridi ilipata umaarufu wake.

Kiufundi, diodi haitoi mwanga kwa kupashwa moto, na mnururisho wake una infraredi kidogo sana. Lakini umeme usiogeuka nuru hugeuka joto ndani ya kipande kidogo cha nusukipitishi, na diodi ikipata moto ufanisi na maisha yake hupungua. Ndiyo sababu taa hizi hubeba mapezi ya alumini, feni au mabomba ya maji mgongoni. Taa ya sodiamu hutupa joto lake mbele. Taa ya diodi hulitoa kwa nyuma, katika hewa. Jani huhisi tofauti, lakini kipoza hewa cha chumba hakihisi tofauti yoyote.

7.0 Ulinganishi kwa kipimo kimoja

Mwaka 2014 Jacob Nelson na Bruce Bugbee wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Utah walichapisha vipimo vya taa zilizokuwa sokoni. Jedwali la 1 linatumia takwimu zao za ufanisi. Safu ya tatu ni hesabu ya makala hii, kwa kuwa saa moja ya kilowati ni jouli milioni 3.6.

Jedwali la 1: Ufanisi wa taa za kukuzia mimea, 2014

| Aina ya taa | Maikromoli kwa jouli | Moli kwa saa moja ya kilowati |
|---|---|---|
| Florosenti bora | 0.95 | 3.4 |
| Sodiamu ya kawaida | 1.02 | 3.7 |
| Halidi ya metali ya kauri, bora | 1.46 | 5.3 |
| Sodiamu bora yenye ncha mbili | 1.70 | 6.1 |
| Diodi bora | 1.70 | 6.1 |

Mambo mawili yanajitokeza. Kwanza, mwaka 2014 diodi bora na sodiamu bora zilikuwa sawa. Kwa urefu wa mawimbi zinazotoa, zote mbili zilikuwa zikigeuza takriban theluthi moja ya umeme kuwa nuru, na theluthi mbili kuwa joto la moja kwa moja. Dai la taa isiyo na joto halikuwa na msingi hata kwa diodi bora za wakati huo. Watafiti hao walikadiria pia kwamba, kwa kila fotoni, bei ya kununua taa za diodi ilikuwa mara tano hadi kumi ya sodiamu. Katika utafiti wao uliofuata mwaka 2015, walionyesha kwamba tofauti ya halijoto ya jani kati ya teknolojia hizi ni ndogo kuliko inavyodhaniwa, kwa kuwa unyevu, upepo na kufunguka kwa stomata vina sauti kubwa.

Pili, hali hiyo haikudumu. Kufikia 2020 taa bora za diodi zilikuwa zimefika maikromoli 3 kwa jouli. Kikomo cha kimaumbile kinaweza kukokotolewa: moli moja ya fotoni za nanomita 660 ina kilojouli 181 hivi, kwa hiyo diodi nyekundu isiyopoteza chochote ingetoa maikromoli 5.5 kwa jouli. Kwa diodi ya buluu ya nanomita 450 kikomo ni 3.8. Sodiamu, kwa upande wake, haikuwa na nafasi kubwa ya kuendelea.

Ili kuona maana ya tofauti hizi kwa joto, tuchukue mfano wa kukadiria: chumba chenye rafu za mita 10 za mraba, zinazohitaji maikromoli 200 kwa kila mita ya mraba kwa sekunde, tukichukulia kwamba nuru yote inafika kwenye mimea. Mahitaji ni maikromoli 2,000 kwa sekunde. Florosenti ya 0.95 itatumia wati 2,105; diodi ya 2014 wati 1,176; diodi ya maikromoli 3 wati 667. Kiasi chote hicho lazima kiondolewe. Ikiwa kipoza hewa huondoa wati tatu za joto kwa kila wati moja ya umeme, jumla zinakuwa wati 2,807, 1,568 na 889. Kauli sahihi, basi, ni hii: kwa kila wati, taa zote huingiza joto sawa chumbani, kwa kila fotoni, diodi ya sasa huingiza chini ya theluthi moja ya joto la florosenti. Ufanisi wa nishati na joto si vipengele viwili vya kulinganishwa kando kando. Ni jambo moja linalotazamwa kutoka pande mbili.

8.0 Mafunzo kwa Afrika Mashariki

Fasihi iliyopitiwa hapo juu imezaliwa katika nchi zenye baridi kali na siku fupi. Karibu na ikweta siku huwa na saa 12 hivi mwaka mzima, na jua si bidhaa adimu. Matumizi ya taa za mimea katika ukanda wetu yamejikita zaidi katika maeneo mawili, na kila moja linahitaji hesabu yake.

Eneo la kwanza ni mashamba ya maua na vipandikizi. Krisanthemamu hutoa maua usiku unapokuwa mrefu. Kwa saa 12 za giza, mimea mama ingechanua badala ya kuzaa vipandikizi. Kwa hiyo usiku hukatizwa kwa taa. Hapa taa ni ishara, si chakula. Kipimo cha maikromoli kwa jouli hakitoshi kuamua. Kinachohitajika ni kujua kama miale ya taa mpya inaitikiwa na fitokromu kama ile ya balbu ya uzi inayoondolewa. Kubadilisha balbu kwa kutazama wati au lumeni pekee ni kuhatarisha msimu mzima.

Eneo la pili ni maabara za kuzalisha miche kwa tishu, kama vile ya migomba. Vyumba vyake vya kukuzia hutunzwa karibu na nyuzijoto 25 za Selsiasi, mara nyingi katika miji ambako hewa ya nje ni ya moto kuliko hiyo. Joto la taa halina mteja: halipunguzi bili ya gesi kama Uholanzi, bali huongeza kazi ya kipoza hewa. Zaidi ya hayo, katika rafu za ghorofa, mirija ya rafu ya chini hupasha sakafu ya rafu ya juu. Vyombo vya miche vilivyofungwa hupata joto kutoka chini, na unyevu hujikusanya kwenye vifuniko. Katika mazingira haya, faida ya diodi ni kubwa kuliko ilivyo katika kitalu nyumba cha Ulaya, na tathmini inayonakili hitimisho la huko itaipunja. Kinyume chake, mkulima wa nyanda za baridi anayetegemea vipimo vya maabara ya pwani atatia chumvi faida hiyo.

9.0 Hitimisho

Makala hii imeonyesha kwamba historia ya taa za kukuzia mimea ni historia ya vipimo kama ilivyo historia ya vifaa. Mshumaa, lumeni na fotoni kila kimoja kilimweka mshindi tofauti mbele. Aidha, imeonyesha kwamba joto lilikuwa faida kwa Siemens, gharama ya kupoza kwa maabara za Pasadena, msaada wa tanuri kwa mkulima wa Uholanzi, na hatari kwa chombo cha angani. Kanuni za fizikia zilikuwa zilezile; kilichobadilika ni jengo lililozunguka taa.

Kwa hiyo inapendekezwa kwamba tafiti na zabuni za ununuzi wa taa za mimea zitaje mambo matatu: kazi ya taa, iwe ni kulisha au kutoa ishara; ufanisi wake kwa maikromoli kwa jouli; na hatima ya joto katika jengo husika, pamoja na gharama ya kuliondoa au thamani ya kulitumia. Siemens alikuwa na taa dhaifu kuliko zetu kwa kila kigezo, lakini daftari lake la hesabu lilikuwa pana kuliko yetu mengi. Alijua mvuke wa injini yake ulikwenda wapi.